Bi Zita Careen na Ukoo Usiokuwa na Mjomba

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023, Bi Zita Careen, muuguzi wa Kitengo chetu cha Magonjwa ya Kurithi, atarudisha funguo za gari la kazi. Amelishika gari hilo, na mengine manne yaliyofia mikononi mwake, tangu Septemba 1989. Ni karibu miaka thelathini na minne. Amekataa hotuba. Amekataa saa ya ukutani. Amekataa hata keki yenye picha yake, akasema hataki kukaa akitazama watu wakimla uso. Wasifu huu ndio pekee ambao hakuukataa, kwa sababu hakuulizwa.

Mimi ninayeandika ni Loretta Whiffen wa maabara. Mgawanyo wetu wa kazi ulikuwa mwepesi: yeye alileta damu, mimi niliisoma. Yeye alikula vumbi na theluji barabarani, mimi nilikaa kwenye joto nikilalamika. Tumegombana juu ya dirisha, juu ya redio, na juu ya chai yake iliyokolea kiasi cha kusimamisha kijiko. Kwa hiyo msitarajie niseme kwamba ni malaika. Ni king'ang'anizi, na kuna watu wanaotembea leo kwa sababu ya ung'ang'anizi huo.

Bi Zita alizaliwa hapa mjini St. John's, mji mkuu wa kisiwa chetu, na watu wa vijijini kule ghubani hawakumwacha asahau jambo hilo. Alipoajiriwa, hakuna aliyejua ni jeni gani iliyokuwa ikiwaua wanaume wa pwani yetu. Kilichojulikana ni kwamba katika koo fulani mwanaume mwenye nguvu zake, asiye na homa wala maumivu, anaanguka ghafla na hainuki tena. Moyo umepoteza mpigo, basi. Watu waliita laana. Daktari Vardy, mkuu wetu wa wakati ule, alisema laana haifuati damu kwa mpangilio namna ile. Akamtuma Bi Zita akae majikoni mwa watu, aulize nani kamzaa nani, na nani kafa vipi.

Karatasi za ofisi zilikuwa fupi mno kwa ukoo mmoja. Bi Zita akanunua mabaki ya karatasi za kupamba ukuta, akawa anazikunjua upande wa nyuma juu ya meza ya chakula na kuchora. Mpaka leo kabati letu lina ukoo mmoja wenye mawaridi mgongoni na mwingine wenye jahazi za buluu. Wenyeji walipenda sana. Bibi mmoja alimwambia, "Ukimaliza kutuchora, mwanangu, nibandikie humo sebuleni."

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hatukuacha kumtania nalo. Kijiji chake cha kwanza kilikuwa Kettle Arm. Alirudi na mti wa ukoo unaoonyesha bibi mmoja amezaa watoto arobaini na mmoja. Daktari Vardy aliutazama akavua miwani.

"Zita, huyu ni mwanamke au ni nyuki?"

"Ndivyo walivyoniambia, daktari. Kila niliyemuuliza alisema huyu ni Mjomba Eli, huyu ni Mjomba Ambrose, huyu Mjomba Wes. Nikawaunganisha wote."

Wacha wee! Daktari alicheka hadi akakaa chini. Sisi tuliotoka vijijini tunajua, na Bi Zita wa mjini hakujua, kwamba kule ghubani mwanaume akishakuwa mtu mzima wa kuheshimika anaitwa Mjomba na kijiji kizima, na mwanamke anaitwa Shangazi, damu iwepo isiwepo. Hupewi cheo hicho kwa barua. Siku moja tu mtu anakuita hivyo, na ukishaitwa, umeitwa.

Bi Zita alirudi Kettle Arm na kifutio, uso umemuiva kwa aibu, akaanza kuwatenganisha wajomba wa damu na wajomba wa heshima, nyumba kwa nyumba. Katika kazi hiyo ya kufutafuta aliona kitu. Kila ukoo kijijini ulikuwa na Mjomba wake, isipokuwa mmoja. Wanaume wa ukoo wa Pelley waliitwa majina matupu, hata marehemu: Absalom, Reuben, Hayward. Akauliza kwa nini. Bibi yule aliyetaka kubandikiwa ukoo sebuleni akamjibu, "Hakuna Pelley aliyewahi kufika umri huo, mwanangu."

Alirudi ofisini na maneno hayo, na tangu siku hiyo ukoo wa Pelley ukawa wake.

Miaka ilifuata ya kuomba damu. Waliougua, wazima, wajane, watoto wachanga, hata binamu waliohamia Alberta kutafuta kazi za mafuta walifuatwa kwa barua na vichupa. Ramani zile za karatasi za ukutani ziliwapa wataalamu pa kuanzia. Walilinganisha damu ya wagonjwa na ya ndugu zao wazima, wakaipunguza sehemu ya kutafutia, wakazidi kuipunguza, hadi mwaka 2004 wakafika kwenye jeni moja iliyokosewa herufi moja tu. Herufi moja! Mimi nilikuwa mpya maabara mwaka ule, na nilimwona Bi Zita akienda kufungua kabati, akatoa ukoo wa mawaridi, akauweka mezani na kulia juu yake.

Kuanzia hapo kijiko cha damu kiliweza kusema umerithi au hukurithi. Na aliyerithi aliweza kuwekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, kisichozidi kibiriti, kinacholinda moyo saa zote. Moyo ukipoteza mpigo, chenyewe kinaushtua urudi kazini. Dawa ya laana ilikuwa imepatikana. Ilibaki watu wakubali kuinywa, na hapo ndipo tunamkuta Garland Pelley.

Garland alikuwa mvuvi wa kambakoche. Baba yake, Absalom, alianguka akipasua kuni akiwa na miaka thelathini na sita. Kaka yake, Cyril, alianguka uwanjani akicheza hoki ya barafuni mwaka 2001, mbele ya kijiji chote, mke wake akiwa ameshika chupa ya chai ya kumpa wakati wa mapumziko. Bi Zita alikwenda kwenye mazishi, na wiki iliyofuata akagonga mlango wa Garland. Garland akaufungua kidogo.

"Wewe ndiye wa damu?"

"Ndimi."

"Basi damu yangu inanitosha mwenyewe. Kwaheri, nesi."

Mlango ukafungwa. Bi Zita alikuwa na chupa ya jemu ya matunda ya porini aliyoitengeneza mwenyewe. Akaiacha kizingitini akaondoka.

Kila vuli, matunda ya porini yakiiva, alirudi. Alibisha mara moja, hakujibiwa, aliacha jemu. Kila vuli alikuta chupa ya mwaka uliopita kizingitini, tupu, imeoshwa ikang'aa. Mimi nilimwambia aache, mtu kakataa, na kukataa ni haki yake. Alikubali kwamba ni haki yake. Katika kitengo hiki hakuna aliyeshikilia sheria hiyo kuliko yeye. Amewafukuza humu madaktari wanafunzi waliotaka kuwatisha watu ili wapimwe. "Kujua ni haki, na kutojua ni haki," aliwafundisha. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini Loretta, mtu anayekuchukia haoshi chupa yako."

Wakati huohuo wakubwa wa hospitali wakataka kufuta safari za vijijini. Gari linakula mafuta, walisema, watu waje wenyewe mjini. Bi Zita aliingia kwenye kikao ambacho hakualikwa, na mabuti yake ya theluji miguuni, akasema sentensi moja: "Aliyekufa hapandi gari kuja kliniki." Akatoka. Safari hazikufutwa, ila zulia la chumba cha kikao lilibidi lioshwe.

Mwaka 2006 Garland alitimiza miaka thelathini na sita, umri wa baba yake. Mkewe, Elfreda, aliacha kulala usingizi mzuri. Alikuwa akisikiliza pumzi. Alimpigia Bi Zita simu mwezi Novemba, akiwa chini kwenye ghala la samaki ili mumewe asisikie, akasema tu, "Nesi, anapasua kuni kila siku. Kuni za miaka mitatu ziko nje na bado anapasua." Akakata simu.

Bi Zita aliomba likizo ya Krismasi, jambo ambalo hakuwahi kuomba.

Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa siku kumi na mbili za Krismasi zinakuwaje ghubani. Watu wanajifunika wasitambulike, wanaume kwa magauni, wanawake kwa makoti ya uvuvi, mito tumboni, pazia la lesi usoni. Wanapita nyumba kwa nyumba wakizungumza kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti isijulikane. Mwenye nyumba lazima awafungulie. Lazima akisie ni nani na nani, na kila anayetambuliwa hufunua uso, hupewa keki na kinywaji. Kuwafukuza ni mwiko. Hata Garland Pelley asingethubutu.

Jioni moja ya siku hizo waliingia watano jikoni mwake, wakiongozwa na binamu wa Elfreda. Garland alikuwa hodari wa mchezo. Wa kwanza alimtambua kwa mwendo, wa pili kwa viatu, wa tatu kwa kicheko. Wa nne alimbonyeza mto wa tumboni akasema, "Mjomba Wes, mkeo anautafuta mto huu!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Akabaki wa tano, mfupi mnene, koti la mvua hadi miguuni.

"Huyu si wa hapa," Garland alisema akimzunguka. "Huyu mgeni kabisa. Wewe, ni wa hapa hapa Kettle Arm?"

"Ndiyooo," alijibu wa tano kwa kuvuta pumzi, kama bata aliyekabwa.

"Mwongo! Hebu lete mkono."

Wa tano akatoa mkono. Garland akaushika, akaugeuza, akakitazama kiganja. Na hapo, bila kukusudia, kwa mazoea tu ya miaka, vidole vya yule mgeni vikateleza vikakaa juu ya mshipa wa mkono wa Garland na kuanza kuhesabu.

Garland akaganda. Kila mtu aliona uso wake ukibadilika.

"Ala! Ni yule nesi."

Bi Zita akafunua pazia. Ameniambia mara nyingi kwamba maishani mwake hajawahi kuona haya kama zile, maana aliapa kutogusa jambo la kazi nyumbani mwa mtu aliyekataa, na vidole vyake vimemsaliti. Elfreda alishika kisu cha keki bila kukata.

"Mpe keki yake," Garland alisema mwishowe. "Ametambuliwa. Lakini damu hupati, nesi."

"Sina sindano, Garland. Nimekuja kula keki."

Na kweli alikula keki. Vipande viwili, tena akasifu. Hakutaja moyo wala jeni. Garland alikaa akimvizia aanze, na kadiri Bi Zita asivyoanza ndivyo yeye alivyozidi kukasirika, hadi akashindwa.

"Haya, sema basi! Umekuja miaka mitano na jemu yako, leo umeingia, unakula tu!"

"Unataka niseme nini? Wewe unajua ninachojua."

"Nikishajua, nitakuwa nimeshakufa. Nitapanda boti yangu kila asubuhi nikiwa maiti. Heri hivi."

"Sawa," Bi Zita alisema. Akanyanyuka kuvaa glavu zake. Njiani kuelekea mlangoni palikuwa na picha za ukoo ukutani, na akasimama kuzitazama. Absalom na shoka. Reuben na mbwa. Hayward siku ya harusi. Cyril na jezi. "Wanaume wazuri," alisema. "Hakuna hata mmoja mwenye mvi." Akamshukuru Elfreda kwa keki akatoka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko hakukuja usiku ule. Januari yote hatukupata habari kutoka Kettle Arm. Bi Zita alirudi kazini akiwa na mafua na hasira, akaniambia ameharibu kila kitu kwa vidole vyake. Sikumbishia. Nilidhani ni kweli.

Katikati ya Februari, siku ya dhoruba ambayo hata sisi tunaokaa karibu tulichelewa, tulimkuta mtu kwenye chumba cha kusubiri, kofia magotini, theluji ikimyeyukia mabegani. Alikuwa ameendesha usiku kucha nyuma ya gari la kusafisha theluji. Pembeni ya kiti chake paliwekwa chupa ya jemu, tupu, imeoshwa.

"Elfreda kanihesabia picha," alimwambia Bi Zita. "Kila siku tangu Krismasi. Chukua hiyo damu kabla sijabadili mawazo."

Nilisoma damu ile kwa mikono yangu. Herufi ilikuwa imekosewa.

Bi Zita hatoi jibu kwa simu, hajawahi. Alikwenda Kettle Arm, akaketi jikoni, akamwambia Garland macho kwa macho, kisha akakaa hadi chai ya tatu huku Garland akipiga meza ngumi na kumwita kila jina. Aprili kifaa kikawekwa. Hoki akaambiwa basi. Kuni akaambiwa zipasuliwe na wengine, na zilikuwepo za miaka mitatu hata hivyo. Binti yao, Shawna, alipofika umri wa kuamua alipimwa kwa hiari yake; yeye hakurithi. Siku ile Garland alinunulia kitengo chote samaki wa kukaanga.

Kwa miaka mitatu kifaa kilikaa kimya. Garland alitangaza kijiji kizima kwamba nesi kamfunga saa mbovu. Halafu Mei 2010, mbele ya watu wawili wa boti yake, akivuta dema la kunasia kambakoche, alianguka kifudifudi. Wenzake wanasema alikuwa amekwisha, uso wa majivu. Kisha mwili ukaruka kama umepigwa teke na farasi, Garland akafungua macho na kuanza kulitukana dema. Simu ilimfikia Bi Zita akiwa hapa ofisini, nami nilisikia yote.

"Zita. Kimepiga."

"Uko wapi?"

"Kwenye boti."

"Unapumua?"

"Sasa unadhani nani anakupigia simu, Mtakatifu Petro?"

Bi Zita alimpa maelekezo yote ya hospitali kwa sauti ya chuma, hakukosea hata moja. Alipoweka simu chini ndipo alipotafuta kiti akaketi. Nilimtengenezea chai, ile ya kusimamisha kijiko, na kwa mara ya kwanza sikuilalamikia.

Ningeweza kuendelea. Kuna koo nyingine kumi na tatu kwenye kabati. Kuna mashine mpya zinazosoma jeni zote za mtu kwa bei tuliyokuwa tukilipia moja, na Bi Zita alijifunza lugha ya mashine hizo akiwa na miaka hamsini na tano, akimsumbua kila kijana wa maabara hadi alipoelewa. Kuna bwana aliyetuma mate yake kwa posta yapimwe asili yake, akaambiwa ana damu ya Waviking, akaja kujisifu, Bi Zita akamwambia, "Mlete huyo Mviking tumpime moyo." Alipimwa, na alikuwa nao ugonjwa, na leo yuko hai akijisifu bado. Wauguzi wapya wanne wamefundishwa naye, na wote wanatengeneza jemu, ingawa ya mmoja wao haiwezi kuliwa.

Lakini nitamalizia pale alipoanzia. Vuli iliyopita simu ya ofisi ililia, nikapokea mimi. Alikuwa Garland, hataki kuzungumza nami, anamtaka Zita, upesi. Nikaogopa. Bi Zita akanyakua simu. "Kimepiga?" aliuliza.

Hapana, hakikupiga. Garland alikuwa ametoka kuteremsha samaki gatini. Aliegesha gari lake vibaya, kama kawaida yake, na msichana mmoja mgeni wa kiwandani, ambaye Garland hata hamjui, akatoa kichwa dirishani akamfokea: "Mjomba Garland! Hebu sogeza hilo gari lako, watu wapite!"

Garland alikuwa na miaka hamsini na mbili. Anavaa miwani ya kusomea. Kichwa chake, tumeona picha, kimejaa mvi. Alisema hakusogeza gari. Alikaa akashika usukani, watu wakapiga honi nyuma yake, naye hakuweza kuona barabara kwa machozi.

Bi Zita alikata simu, akavaa koti, akatoka nje akasimama upepo ukimpiga, na sisi tukamwacha.

Garland atakuwepo Ijumaa, na atakuwa mpishi: nyama ya chumvi na kabichi, kwa watu wote. Ametutumia pia ujumbe wa Kettle Arm, na ameagiza uandikwe hapa kama ulivyo. Wanasema kuanzia tarehe mosi Julai hawamtambui mtu yeyote anayeitwa nesi Careen. Mlango uko wazi, hakuna haja ya kubisha wala kujifunika pazia, na chupa zimeoshwa zinamngoja.

Ahsante kwa kila damu, kwa kila jiko, na kwa kila mlango uliofungwa usoni pako ukarudi tena. Afya njema, miguu mikavu na vuli zenye matunda tele, Shangazi Zita.